Marehemu Ndiye Anayemimina Mvinyo

Kwa aliyechelewa kupanda, avute kiti haraka. Mimi ni mhudumu wa mvinyo katika meli ya matajiri. Mume wangu alitoka kumsindikiza mgeni mlangoni, akapitiliza naye. Mtoto wetu alikuwa hajaota meno. Leo anaandika insha. Bwana yule hakurudi, hakutoa talaka, hakumuaga hata paka. Nikahangaika nchi kavu mpaka nchi kavu yenyewe ikanichoka, nikaishia baharini kufungua chupa za watu.

Katika sehemu ya wiki iliyopita mliniacha nimejificha nyuma ya kabati la mvinyo. Kwenye meza ya dirishani alikuwa amekaa yeye mwenyewe, Msindikizaji. Suti nyeupe, hariri shingoni, mke mpya ubavuni. Mbele yao mzee mmoja mwenye mabega mapana, ambaye wahudumu wote walimwita Mzee wa Mbao kwa sababu ya biashara yake. Ndiye baba wa bi harusi, na ndiye aliyewaleta safarini.

Basi tutoke pale kabatini.

"Meza ya dirishani inakusubiri," mkuu wangu wa kazi akaninong'oneza. Tunamwita Pua, maana hunusa kila kitu, hata mazungumzo ya watu. "Tabasamu. Humu melini hatuna mambo ya nyumbani. Tuna wageni tu."

Nikaenda na orodha ya mvinyo kifuani kama ngao.

Msindikizaji akainua macho, akaniona. Rangi ikamtoka usoni, ikaenda, ikarudi. Kisha mume wangu, niliyemfulia soksi na kumkanda mgongo, akanitazama kama mtu anavyotazama mwavuli usio wake.

"Wewe dada," akasema, "humu mna mvinyo wa maana, au ni huu wa kawaida kawaida?"

"Tunao wa kila namna, bwana. Mmeagiza samaki. Ningependekeza mweupe, mkavu, yaani usio mtamu, uliopoa vizuri."

"Usinifundishe. Mvinyo nimeanza kunywa ujanani."

Wasomaji, ujana wake niliukuta. Alikuwa mtu wa chai ya rangi na kuchovya mkate. Siku ya harusi yetu alikunywa soda mbili akaumwa tumbo.

Akafungua orodha. Imejaa majina ya kigeni, marefu kama foleni. Akateremsha kidole, akakisimamisha kwenye jina refu kuliko yote.

"Hii hapa. Na iwe baridi."

Nikatazama kidole kilipotua. Kilikuwa ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa maji.

"Chaguo zuri sana, bwana."

Kazi yetu ina adabu zake. Nikaleta chupa juu ya kitambaa, nikamwonyesha maandishi, akatikisa kichwa kama hakimu. Nikafungua. Nikammiminia kidogo yeye kwanza, kwa kuwa anayeagiza ndiye anayeonja. Akazungusha glasi. Meli nayo ikajizungusha yake, tone likamrukia kwenye suti. Akanusa kwa macho yaliyofumbwa. Akanywa, akayapeleka shavu hili, akayarudisha shavu lile.

"Mkavu," akatangaza. "Lakini una mwili. Na unasikia tunda kwa mbali."

Bi harusi akamtazama kwa mapenzi. Mzee wa Mbao akaichukua chupa, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa rika lake, akasoma taratibu.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Haya ni maji."

Bi harusi akaweka uma chini.

"Najua, baba," akasema Msindikizaji. "Wataalamu huanza na maji. Ni kusafisha ulimi."

"Haya. Kama umeshasafika, tunywe." Mzee akanigeukia. "Bibie, tuletee huo mweupe uliousema."

Nikajiuma shavu nisicheke. Mzee aliona ninavyojiuma. Nadhani mambo yote yaliyofuata yalianzia pale.

Kuanzia siku hiyo akawa anakuja kaunta yangu kila alasiri. Anaomba nusu glasi, anakaa nayo mpaka inapata joto.

"Bibie, una mume?" akaniuliza siku moja, wazi wazi, kama anayeuliza urefu wa mbao.

"Alitoka kumsindikiza mgeni."

"Lini?"

"Zamani."

"Basi huyo kafika naye." Akacheka, kisha akaona sicheki, akaacha. "Samahani. Mimi wangu nilimzika. Angalau wangu najua alipo."

Nikampenda kwa neno hilo. Si mapenzi ya kuandikiwa barua, ila ya kutaka mtu aendelee kukaa hapo alipokaa.

Sasa njooni kwa bi harusi.

Alikuja peke yake kwenye chumba cha kuonjea mvinyo, ambako kila mchana nawapanga wageni mbele ya glasi na kuwafundisha kuzungusha bila kumwagiana. Wenzake walipotoka, yeye akabaki.

"Dada, nichagulie mvinyo. Nataka wa kumkumbuka mtu."

"Mtu gani, bibie?"

"Mke wa kwanza wa mume wangu. Marehemu."

Chupa nusura initeleze.

"Pole sana. Alikufa kwa nini?"

"Nyoka. Alikuwa anaanika nguo. Alimfia mume wangu mikononi."

Nikajikuta nimeshika kifundo cha mguu.

"Hata picha yake hana, zote alizizika naye. Akimtaja tu analia, ndiyo maana simuulizi sana."

"Alikuwa mtu wa namna gani?" Mnisamehe. Nani asiyetaka kujua alivyosemwa msibani kwake?

"Mpole, anasema. Mnene kidogo. Kupika ndiyo hakujua."

Unene niliuvumilia.

"Bibie," nikasema, "wapo wanaojua sana kupika, ila mume anafika nyumbani ameshashiba kwa watu."

Hakuelewa. Ana roho safi yule binti, na roho safi inachelewa kuelewa. Akaniegemea kwenye kaunta, akashusha sauti.

"Marehemu aliacha mtoto wa kike. Yuko kwa bibi yake. Meli ikitia nanga tunakwenda kumchukua; mume wangu ataingia peke yake, mimi nitangoja garini, maana anasema bibi hataki wageni. Mimi, dada, madaktari wameshaniambia nisingoje. Baba naye anataka mjukuu. Amesema karakana yake ya mbao ataiandikisha kwa jina la mtoto, na mpaka akue, mume wangu ndiye ataiendesha."

Nikaelewa yote kwa mpigo mmoja. Msindikizaji hakuwa anamfuata mtoto. Alikuwa anafuata mbao.

"Nimeshamnunulia viatu," akasema. Akatoa kimoja mkobani. Kiatu cha rangi ya waridi, kidogo, cha mtoto anayejifunza kusimama.

Mwanangu sasa hivi anaazima viatu vyangu.

"Nani alikupa kipimo?"

"Baba yake."

Nilitaka kumchukia yule binti, nikakosa pa kuanzia. Alikuwa anakifuta kile kiatu vumbi lisilokuwepo.

"Basi mvinyo gani?" akauliza. "Unadhani marehemu angependa upi?"

"Mwekundu," nikasema. "Mzito, mkavu, wa kukaza ulimi. Usimpe mtamu. Ameshatamkiwa matamu ya kutosha."

Nikakimbilia chumba cha simu cha wafanyakazi. Ni kijichumba chenye kiti kimoja na ukuta uliochorwa mioyo na matusi. Nikampigia mama.

"Mama, mtu yeyote akija kumchukua mtoto, usimpe!"

"Mtu gani? Mumeo? Tumeshaongea. Amelia kwenye simu, na mimi nikalia. Anasema mmekutana hukohuko melini, mmerudiana, na wewe ndiye uliyemtuma."

"Anadanganya, mama. Huku amesema nimekufa."

"Nani amekufa?"

"Mimi."

"Na ninayeongea naye ni nani?"

"Mama, nisikilize..."

"Nakusikiliza tangu nimekuzaa. Wewe ukinuna kidogo tu, umekufa. Leo mnagombana, kesho mnapatana, halafu mbaya ninakuwa mimi niliyeingilia. Mtoto ameshasukwa. Amefurahi, anajua baba anakuja. Mwanaume akirudi hafungiwi mlango, mwanangu."

Akakata simu.

Basi hapo ndipo nilipokuwa. Kwa mama yangu nimerudiana na mume, na kwa mke mwenzangu nimezikwa. Na pande zote mbili machozi yalikuwa yamemwagika.

Kesho yake asubuhi Msindikizaji akanifuata stoo ya mvinyo. Aliomba kwa Pua aoneshwe chupa adimu. Stoo iko chini kabisa, ina baridi, na chupa zimelazwa zikiwa zimefungwa mikanda kama wagonjwa, ili bahari ikichafuka zisigongane.

"Usipige kelele," akasema.

"Maiti hapigi kelele."

"Nisikilize, mama mtoto."

"Mama mtoto aliumwa na nyoka. Pole kwa msiba."

"Ilibidi niseme kitu! Mzee hataki mtu aliyeacha mke. Angeniuliza sababu."

"Ungemwambia."

"Ningemwambia nini, kwamba sina sababu?"

Huo ulikuwa ukweli wa kwanza kumtoka tangu nimfahamu. Ukamshangaza hata yeye.

"Mtoto humchukui," nikasema.

"Ni wangu pia. Atapata shule nzuri, atapata chumba chake. Wewe una nini cha kumpa? Uko huku unawazibulia watu chupa, na yeye anakua bila wewe."

Hapo alinipata. Kila ninapopiga simu nyumbani, mwanangu ana sauti ngeni kidogo kuliko ile ya mara iliyopita.

Aliona limeniingia, akanenepa.

"Na ukifungua mdomo, namwambia mkuu wako kwamba unanitaka. Mgeni akilalamika mara moja tu, mnashushwa bandari ya mbele na masanduku yenu. Nimeshauliza."

Akakung'uta suti, akaenda mlangoni. Akausukuma. Akausukuma tena, kwa bega.

"Unavutwa," nikamwambia.

Nikamwendea Pua, nimweleze kabla hajaelezwa. Akainua mkono kunizuia.

"Usiniambie. Nikijua itabidi nifanye kitu, na leo ni chakula cha kuagana. Wewe uko meza ya dirishani."

Nikauandaa mvinyo wa marehemu mwenyewe. Nikauteremsha taratibu kwenye jagi la kioo, machicha yabaki chupani, nikauacha upumue. Kati yetu wawili, ni huo tu uliopata nafasi ya kupumua siku hiyo.

Ukumbi ulijaa mishumaa ya umeme na watu waliokuwa wamevimba kwa chakula cha safari nzima. Baada ya samaki, bi harusi akamgusa mumewe mkono.

"Sema neno kuhusu marehemu. Kesho tunakwenda kumchukua mwanawe."

Msindikizaji akasimama. Alinitazama, akaona nimetulia, akadhani nimeshindwa. Akajaza kifua.

"Mke wangu wa kwanza," akaanza, "alikuwa malaika."

Nikammiminia, theluthi ya glasi, kama inavyotakiwa.

"Siku ile ya ajali nilimbeba mwenyewe, mikononi, mpaka barabarani."

Huyu hajawahi kunibebea hata ndoo.

"Akanitazama kwa macho yale yake. Akaniambia: 'Mume wangu, usikae mpweke. Oa. Oa mwanamke mwema kuliko mimi, umpe mwanangu amlee.' Akakata roho."

Nikabaki na jagi hewani. Watu wengi hawapati bahati ya kusikia maneno yao ya mwisho. Mimi nimeyasikia, na sikuyapenda.

Mama mmoja meza ya pili akajifuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Bi harusi alikuwa analia kimyakimya. Pua, pale mlangoni, aligeuza uso ukutani.

"Kwa marehemu!"

Glasi zikainuliwa, wakanywa. Mvinyo ule ukawashika ndimi kama ndizi mbichi. Meza nzima ikakunja sura, na Msindikizaji, aliyekunywa kwa fundo kubwa ili aonekane, akakunja kuliko wote.

Hapo nikaamua. Kazi na iende. Nikaweka jagi mezani bila kulifuta shingo, kosa ambalo Pua hawezi kulivumilia, nikamwona anaanza kuja kwa hatua ndefu.

"Samahani," nikasema kwa sauti. "Nami nina neno kuhusu marehemu."

Msindikizaji akaganda.

"Ngoja, bibie," akasema Mzee wa Mbao, akainuka. "Kama ni maneno, nianze mimi, nisije nikaishiwa ujasiri."

Nani anamkatiza mzee? Nikangoja.

"Nilipomzika mke wangu," akasema, "nilidhani nitazoea. Ile nyumba ina kimya, watu, mpaka mtu unaanza kujibizana nacho. Sasa leo mkwe wangu ametuambia marehemu mwenyewe alimsihi aoe. Limeniingia neno hilo. Nimejiuliza, mimi namngojea nani?" Akanigeukia. "Bibie, zile nusu glasi sikuwa nakunywa kwa kiu. Nataka kukuoa. Nalisema hapa mbele ya mwanangu na mkwe wangu, ili isiwe siri ya mtu mzima."

Ukumbi ukapiga makofi. Matajiri hupigia makofi jambo lolote likitokea kabla ya keki.

Pua alisimama katikati ya ukumbi, mguu mmoja mbele. Mafunzo yake hayakufika huko.

"Dada!" Bi harusi alikuwa ameshanikumbatia. "Utakuwa mama yangu! Na mtoto atapata bibi mwingine!"

Nikapiga hesabu ya ukoo huo nikiwa mikononi mwake. Nikikubali, ninakuwa mama mkwe wa mume wangu, mama wa mke mwenzangu, na bibi wa mtoto niliyemzaa kwa uchungu wangu. Na ndoa yangu bado ninayo. Nikisema ukweli, ninamvua nguo mzee mwema mbele ya watu wote, ninamvunja moyo binti asiye na hatia. Nikinyamaza, kesho mwanangu anavalishwa viatu vya mtoto mchanga na kupelekwa akaandikiwe mbao za kusimamiwa na baba yake.

"Mkwe," mzee akasema. "Wewe sasa ni mwanaume wa nyumba hii. Sitaki nifanye jambo bila kukuuliza. Unaona kizuizi chochote?"

Macho yote yakahamia kwa Msindikizaji.

Na niseme kweli, maana mbele yenu nimeshazoea kuvuliwa nguo: kuna kipande cha moyo wangu, kile kipumbavu kisichosikia dawa, kilichongoja aseme, "Huyu ni mke wangu." Aseme mara moja tu, hata kwa woga, hata kwa kunong'ona. Ningemchukia vizuri zaidi.

Akaweka glasi mezani.

"Hakuna kizuizi, baba."

Akazunguka meza. Akaja mpaka mbele yangu, akainamisha kichwa, jasho likimmetameta utosini.

"Shikamoo, mama."

Bi harusi amenishika mkono, mzee ananitazama, na Pua kwa mbali ananifanyia ishara kwa kidevu: mgeni haachwi bila jibu.

Kile kipande cha moyo kikakatika. Sikusikia maumivu. Nilisikia wepesi.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Makofi tena. Nikamgeukia mzee.

"Mzee wangu, umenipa heshima, lakini mtu mzima haposwi akajibu kati ya samaki na keki. Nipe mpaka kesho. Ila nina ombi. Mkienda kumchukua mtoto, nipeni nafasi kwenye gari. Nimwone huyo bibi aliyemlea. Mlezi ukimwona, unaijua familia."

"Umesema neno," akasema mzee. "Tutakwenda sote."

"Haiwezekani!"

Sauti ilimtoka Msindikizaji kama kizibo. Mkewe akauachia mkono wangu, akamtazama.

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kwa sababu..." Akamtazama mkewe, akamtazama mzee, akanitazama mimi. Niliona kabisa akili yake inavyokimbia huku na huku ikitafuta mlango. "Kwa sababu yule bibi... sikutaka kuwaharibia chakula. Nimepata habari jioni hii. Yule bibi amefariki."

Mama yangu. Aliyenikatia simu akiwa mzima wa afya.

Bi harusi akaziba mdomo kwa viganja. Mzee wa Mbao akaweka glasi chini, akasimama wima, uso umebadilika, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Mkwe, habari kama hizo hazifichwi," akasema. "Kesho hatuendi tena kuchukua mtoto. Tunakwenda kuzika. Familia nzima. Na wewe bibie, utakaa na mimi kiti cha mbele."

Pua alikuwa amenifikia. Akaniinamia sikioni, mikono nyuma, sauti ya kazi.

"Wamefiwa tena," akaninong'oneza. "Tuwaletee upi?"